Njumu ya manyoya kwenye mpini wa mbao wa fimbo ya kuvulia: manyoya meupe yanatoweka ndani ya epoksi

SeremalaKibokoni ameuliza:

Asalaam aleikum wenzangu, na salamu kwa wote.

Mimi ni seremala katika Mji wa Kale, Mombasa, na riziki yangu ya kila siku ni milango, masanduku na kukarabati viti vya zamani. Mteja wangu mmoja, ambaye huvua nguru na kolekole kwa upande wa Mtwapa, ameniletea ufito wa fiberiglasi ambao mpini wake wa sponji umeliwa na chumvi, akataka nimkerezee mpini wa mbao na kuutia njumu, yaani nakshi ya kupachikwa ndani ya mbao, ya manyoya ya ndege badala ya mfupa. Ameona picha za kazi ya namna hiyo kutoka Marekani, na moyo wake umeshaangukia huko.

Njumu ya mfupa na ya chaza naijua, kwa sababu mfupa ni kitu kigumu: unaukata, unaupachika, kisha unausugua hadi ulingane na mbao. Unyoya hauna unene wa kusuguliwa, na hapo ndipo ujuzi wangu unapokomea. Nimechonga nafasi ya kina cha milimita moja na nusu katika kipande cha mvule cha majaribio, nikapanga manyoya ya jogoo, mengine mekundu, mengine meusi yenye mng'ao wa kijani, pamoja na meupe ya kuku wa kisasa, halafu nikamimina epoksi, ile gundi angavu ya kuchanganywa na kigumishi. Matokeo yamenishangaza. Mekundu yamekolea lakini yanapendeza. Meusi yamebaki meusi matupu, ule ujani umekwenda. Meupe hayaonekani tena. Ukitazama kwa makini unauona uti wa unyoya na vivuli vya nyuzi zake, na chini yake ni mbao tu, kama karatasi iliyolowa mafuta. Tena viputo vya hewa vimejipanga kandokando ya kila uti.

Naomba anayeijua kazi hii anieleze kwa nini inakuwa hivyo na inazuilika vipi. Naomba pia ushauri kuhusu mbao, kwa kuwa ninazo mvule, mwembe na kipande kizuri cha mbambakofi kilichobaki kwenye mlango. Mwisho, mteja anapenda madoadoa ya kanga, na kuna mtu njia ya Kilifi ambaye nimeambiwa anawafuga. Je, hayo yanafaa?

---

FundiFito amejibu:

Waaleikum salaam, fundi. Kazi yangu ni kufunga fito na kutengeneza zilizovunjika, na swali lako la manyoya meupe ndilo linalowatoa jasho wengi wanaoianza kazi hii, kwa hiyo nitakaa nalo kwanza.

Unyoya mweupe hauna rangi nyeupe ndani yake. Unaonekana mweupe kwa sababu mwanga unatawanywa kila unapotoka kwenye hewa kuingia kwenye nyuzi za unyoya na kutoka tena. Epoksi ikishaingia mahali palipokuwa na hewa, mwanga unapita moja kwa moja, maana epoksi na nyuzi hizo huupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana sana, na kilichobaki cha kuonekana ni mbao iliyo chini. Mekundu, kahawia na meusi ya kawaida yana rangi ya kweli ndani yake, ndiyo maana yamebaki. Ule mng'ao wa kijani wa mkia wa jogoo nao si rangi ya kupakwa; hutokana na utando mwembamba ulio juu ya unyoya unaocheza na mwanga, na ukiuzamisha kwenye epoksi unaupokonya hewa iliyokuwa ikiufanya ung'ae.

Dawa yake ni kuuziba unyoya kabla haujaonja epoksi. Mafundi wa ng'ambo hutumia kimiminika maalumu cha akriliki kinachouzwa kwa wafunga fito. Hapa kwetu mimi hutumia shelaki, aina ya vanishi ya mbao, isiyo na nta, iliyoyeyushwa nyepesi sana katika spiriti, nikaipaka kwa burashi laini mara tatu au nne, kila tabaka likikauka kabla ya linalofuata. Tabaka liwe jembamba hasa. Ukiloanisha unyoya kwa shelaki nzito, utakuwa umefanya kwa shelaki kilekile ulichokuwa ukikikimbia kwa epoksi. Na nikuambie ukweli: kuziba kunapunguza tatizo, hakuliondoi. Mng'ao wa jogoo utabaki kwa sehemu tu, na unyoya mweupe utakuwa wa maziwa yaliyochanganywa na maji. Kama mteja anataka weupe wenyewe, paka rangi nyeupe ndani ya nafasi uliyochonga kabla ya kupanga chochote.

Hilo la kupaka rangi chini ndilo ninalolishikilia kuliko mengine yote. Sakafu ya njumu ndiyo inayoamua utaona nini. Unyoya wa kahawia juu ya mvule unazama. Juu ya mwembe mweupe, au juu ya rangi ya krimu, kila mstari unasomeka. Watu huchagua unyoya ukiwa mkononi, penye hewa, kisha wakaulaumu ukishazama. Mimi huchagua kwa kuulowesha kwanza kwenye spiriti juu ya kipande cha mbao ileile: jinsi unavyoonekana ukiwa umelowa ndivyo utakavyokaribia kuonekana ndani ya epoksi, na ukikauka unaurudisha mahali pake bila hasara.

Viputo vinatoka kwenye uti, kwa sababu uti una uwazi na hewa. Usitumie uti mzima. Chagua manyoya ya shingo, ambayo uti wake ni mwembamba, halafu chukua ncha tu, kama sentimita mbili au tatu za juu, na upande wa chini uuparue uti kwa wembe mpaka unyoya ulale bila kuinuka. Manyoya ya shingo ya jogoo wa kuchi ni mazuri mno kwa hili. Yana ile rangi ya shaba inayoelekea wekundu, na nyuzi zake zimebana. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili mafuta yatoke, yakaushe juu ya kitambaa kivulini, kisha yapange kwa kibano ukianzia upande wa chini wa mpini, kila safu ikiufunika mwanzo wa ile iliyotangulia, kama yalivyolala kwenye ndege mwenyewe.

Kuhusu mbao, mbambakofi ndiyo chaguo langu. Imetulia, haichezi sana msimu unapobadilika. Mvule ni mzuri pia ila vumbi lake huwasha pua na kifua, na mara nyingine hukutana na mawe madogo ndani yake yanayoua makali ya patasi. Mwembe ni laini na unapatikana, lakini hakikisha umekauka sawasawa. Mwembe mbichi ukijikunja, epoksi itaachana na kingo za nafasi na maji ya chumvi yatapata mlango.

---

MzeeWaMishipi amejibu:

Mwanangu seremala, FundiFito amesema kweli kuhusu unyoya, nami nitasema kuhusu mkono, kwa kuwa mpini haujatengenezwa kwa kutazamwa.

Epoksi iliyosuguliwa hadi kung'aa huteleza ikiingia utelezi wa samaki na maji ya bahari. Kolekole mkubwa akishika chambo na kuteremka kwenye miamba, mvuvi hana muda wa kutafuta mahali pa kushika. Kwa hiyo njumu isiwe pale kiganja kinapofumba. Pana sehemu mbili zilizo salama. Ya kwanza ni kipande kifupi kilicho mbele ya kiti cha rili, yaani pale kinapofungwa kifaa cha kukunjia mshipi, kabla ya mshiko wa mbele kuanza. Ya pili ni nyuma ya rili, baina ya kiti na mahali mkono wa nyuma unapokaa. Hapo njumu itaonekana na kila mtu na haitamsumbua mtu. Sehemu za kushika ziache mbao tupu iliyopakwa mafuta, au uzifunge kamba nyembamba kama wafanyavyo wengine.

Kitako cha mpini nacho usikiguse. Wanaovua wakiwa wamesimama chomboni hukiegemeza kwenye mkanda wa kiunoni, na kikisuguliwa humo siku nzima hakuna epoksi itakayobaki safi.

Tena pima unene kabla ya kuchonga. Ikiwa mpini wako una kipenyo cha milimita 30 na tundu la ufito ni milimita 14, ukuta wa mbao ni milimita nane tu kila upande. Ukichonga moja na nusu, unabakiwa na sita na nusu, na hiyo inatosha. Lakini nimewahi kuona mtu ameuzungushia mpini mfereji mzima wa kina cha nusu ya ukuta, na mpini ukakatika hapohapo, si kwa samaki bali kwa kuegemewa garini. Chonga vidirisha viwili au vitatu vilivyoachana, usiuzungushe mpini mzima.

---

BintiPwani amejibu:

Naomba nilijibu lile la kanga, kwa sababu nimeona limepitwa, na ndilo linaloweza kumwingiza fundi matatani.

Kanga ni ndege wa mwituni hapa Kenya, hata kama anafugwa uani. Kumfuga kunahitaji leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inazihesabu kuwa nyara sehemu za mnyama au ndege wa mwituni zinazodumu, manyoya yakiwemo, hata zikiwa zimeshapitia mikononi mwa fundi zikawa pambo. Kwa hiyo kuyafunika kwa epoksi hakubadilishi chochote. Mtu huyo wa njia ya Kilifi muulize leseni yake kwanza, na ukinunua, piga hodi ofisi ya KWS uulize wewe mwenyewe unahitaji kibali gani cha kuwa nayo na kuyauza yakiwa ndani ya mpini. Asiyetaka kuonyesha leseni, muache na kanga wake.

Unyoya uliouokota ufukoni nao ni vilevile. Watu hudhani kwamba alichokidondosha ndege ni cha aliyekiokota, wakaja na ya furukombe au ya heroe wakisema hawakumdhuru ndege yeyote. Anayekukagua hana njia ya kujua uliupataje.

Kuku, bata, bata mzinga na njiwa wa kufugwa hawana matatizo hayo. Tausi wa kawaida asili yake ni Bara Hindi, si ndege wetu wa mwituni, na huangusha manyoya ya mkia kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, hivyo mwenye tausi anaweza kukuuzia bila kumng'oa ndege. Hata hivyo andikiana naye risiti. Na kwa kuwa mteja wako ameiona kazi hii kutoka Marekani, ujue kwamba huko pia wanabanwa: sheria yao ya ndege wahamao, ya mwaka 1918, inakataza kumiliki manyoya ya ndege wengi wa mwituni, ndiyo maana mafundi wao hutumia zaidi kuku, bata mzinga, tausi na ndege wa kufugwa wa jamii ya kwale. Wala usikubali mpini huo usafirishwe nje bila kuuliza kwanza masharti ya nchi unakokwenda.

Kama ni madoadoa tu yanayotakiwa, wapo kuku wa kienyeji wenye madoa meupe juu ya weusi ambao ukiyaweka manyoya yao kwenye dirisha dogo kama hilo, mvuvi hatayatofautisha na ya kanga.

---

SeremalaKibokoni amejibu:

Shukrani sana, FundiFito, Mzee na dada BintiPwani. Kanga nimeshamwacha, na mteja amekubali kuku wa madoadoa baada ya kumweleza. Ila kwa maelezo ya FundiFito, naona madoa hayo meupe yatakuwa madirisha yanayoonyesha mbao.

Nina maswali mengine. Katika joto letu epoksi ilianza kuganda kikombeni kabla sijamaliza kuipaka, na kwa kuwa mpini ni wa mviringo, ile niliyoipaka ilikuwa ikiteremka upande mmoja. Isitoshe, asubuhi juu yake palikuwa na utando unaonata kama mafuta. Mwenzangu mmoja wa karakana ananishauri niachane na epoksi nitumie rezini ya wanaotengeneza boti za fiberi, kwamba ni rahisi na hukauka upesi.

---

FundiFito amejibu:

Umeelewa sawasawa kuhusu madoa. Paka krimu au nyeupe chini yake na yatarudi kuwa madoa. Acha mbao tupu na yatakuwa ya rangi ya mbambakofi, jambo ambalo baadhi ya wateja wangu wamelipenda kuliko weupe. Mtengenezee vipande viwili vidogo achague mwenyewe.

Rezini ya boti, ile ya poliesta, iache kwa ajili ya boti. Haishiki mbao kama epoksi, hasa mbao yenye mafuta, na hujikaza ikikauka, hivyo ni mwanzo wa nyufa kando ya njumu. Harufu yake pia itabaki kwenye karakana yako hadi majirani wa Kibokoni waje kukuuliza.

Joto ni jambo la kulipangia, si la kupigana nalo. Kwa kukadiria, joto likipanda kwa nyuzi kumi, muda wa kufanyia kazi hupungua kwa karibu nusu, kwa hiyo maelekezo ya kopo yaliyoandikwa kwa chumba cha nyuzi 20 hayakuhusu wewe uliye kwenye nyuzi 30. Kuganda kwenyewe kunazalisha joto, na epoksi iliyorundikana kikombeni inajichemsha. Changanya kidogo, kisha uimwage mara moja kwenye sahani pana ili itawanyike ipoe. Nunua yenye kigumishi cha polepole, fanya kazi alfajiri, na uipime kwa kipimo ilichoandikiwa bila kukisia. Ukiongeza kigumishi kwa tamaa ya kukausha haraka, utapata gundi isiyokauka kabisa. Koroga taratibu, ukikwangua kuta na chini ya kikombe, maana kukoroga kwa kasi ndiko kunakotia viputo ambavyo havikutoka kwenye unyoya.

Usijaze dirisha kwa mara moja. Tabaka la kwanza liwe jembamba la kulaza manyoya na kuyashika. Yasubiri yashike ndipo ulete la pili, na la tatu likihitajika, hadi epoksi ipite kidogo juu ya usawa wa mbao. Viputo vilivyopanda juu vipitishie kikausha nywele kwa mbali, upepo wake usiwe mkali. Hewa ya moto inapasua viputo, lakini ikikaa mahali pamoja itainua nyuzi za unyoya nawe utajuta.

Kuhusu kuteremka, mpini lazima uzunguke mpaka epoksi ishike. Mota ya sahani ya maikrowevu iliyokufa inakufaa sana: huzunguka mara tano au sita kwa dakika, na mafundi wa vyombo vya umeme hawaoni thamani yake. Ifunge kwenye ubao, shikiza kitako cha mpini kwenye ekseli yake kwa utepe, upande wa pili uulaze juu ya kijiti chenye umbo la herufi V. Kumbuka tu kwamba mara nyingi hutumia umeme wa ukutani, hivyo waya zake zifungwe vizuri na mtu anayejua. Bila mota, geuza kwa mkono nusu mzunguko kila baada ya dakika chache, na usiondoke.

Ule utando unaonata ni unyevu wa hewa uliokutana na kigumishi, na kwa Mombasa ni kawaida. Usiusugue kwa msasa, kwa kuwa utaukandamiza ndani na tabaka linalofuata halitashika. Osha kwa maji na sabuni kwa kitambaa cha kukwaruza, futa, kausha, ndipo uanze msasa. Anza na namba 220 hadi epoksi ilingane na mbao, kisha 400, kisha 600 ukitumia maji. Hapo kuwa na subira kubwa, maana juu ya unyoya una pengine nusu milimita tu, na ukiona nyuzi zimeanza kuwa nyeupe ujue umefika kwenye unyoya wenyewe. Vaa glavu unapochanganya na barakoa unaposugua. Kigumishi hicho ngozi yako inaweza kukivumilia miaka, kisha siku moja ikakikataa moja kwa moja, ukashindwa kuigusa kazi hii tena.

Mwisho paka vanishi ya mashua yenye kinga ya jua, tabaka tatu. Epoksi yenyewe ikipigwa na jua la bahari hugeuka manjano, na manjano juu ya krimu yako itaonekana chafu.

---

MzeeWaMishipi amejibu:

Nami naongeza dogo. Mwambie mteja wako asiulaze mpini kwenye sitaha penye jua akiwa hautumii, na akirudi ausuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Vanishi ikichubuka, asiiache mpaka msimu mwingine; aulete usugue kidogo kwa 600 na kupaka tena, wakati bado epoksi haijaguswa. Kusi ikiwa kali na vyombo vidogo havitoki, ndio wakati mzuri wa kazi hiyo, kwa kuwa upepo wa Kaskazi ukiingia kila mvuvi ataitaka fimbo yake siku hiyohiyo.

---

SeremalaKibokoni amejibu:

Nimeelewa, Mzee. Leo nimekereza mbambakofi hadi milimita 32 ili ukuta ubaki mnene zaidi, na nimechora vidirisha viwili nyuma ya kiti cha rili, kimoja chenye sakafu ya krimu na kingine cha mbao tupu. Mota ya maikrowevu nimeipata kwa fundi wa redio jirani, hakutaka hata pesa. Manyoya yameshaoshwa, yanakauka. FundiFito, shelaki ninayoiuziwa hapa ni ile ya vipande vya kahawia: je, naweza kuiyeyusha na kuitumia, au itatia doa krimu?

---

FundiFito amejibu:

Itatia doa, tena ile ya vipande vya kahawia mara nyingi ina nta. Iyeyushe katika spiriti, iache kwenye chupa siku kadhaa bila kuitikisa hadi nta itulie chini, kisha umimine polepole kimiminika cha juu tu. Hiyo ipake kwenye manyoya mekundu na meusi, ambayo rangi ya shelaki haitayadhuru. Kwa madoadoa ya dirisha la krimu, tafuta vanishi ya maji isiyo na rangi, ipake nyepesi vilevile, na uijaribu kwanza kwenye unyoya mmoja juu ya krimu yenyewe, uone ikikauka inabaki safi.